Kijiko Kimoja kwa Jerikani Moja

Kabla hujanifungulia hiyo chupa yenye samaki anayekufa, kaa chini. Weka simu mfukoni. Najua umeshasoma humo kwamba chumvi inaponya samaki, na najua umeshaiweka. Mnakuja wote hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, mnatoka kwenye saluni zenu za kunyolea na vibanda vyenu vya filamu ambako siku hizi kila mtu anataka tangi la kioo ukutani, na mazungumzo yetu ni yale yale.

"Mama, niliweka chumvi."

Kiasi gani?

"Kidogo."

Kidogo ya nani? Kidogo ya mpishi wa harusi au kidogo ya mgonjwa wa presha? Tangi lako linabeba jerikani ngapi? Hujui. Ulilijaza kwa chombo gani? Kwa bomba la jirani. Basi mimi nikuambie nini, nimwombee samaki?

Watu wa hapa kambini Nakivale wananiita Mama Samaki, na wengine wanadhani niliuza samaki wakavu sokoni. Sikuuza. Nilitunza samaki wa kutazamwa, kwanza Uvira, kule Kongo, kwa tajiri aliyekuwa akivua samaki wa rangi kwenye ziwa Tanganyika na kuwapeleka mbali kwa ndege, halafu hapa Uganda, kwenye hoteli na kliniki na nyumba za wageni za Mbarara. Kiswahili changu ni cha Uvira na nimezeeka nacho, kwa hiyo nikisema fasi badala ya mahali, msinisahihishe. Nyinyi wenyewe mnasema vibaya kuliko mimi.

Sasa sikilizeni, maana sitarudia. Jerikani moja la lita ishirini, kijiko kikubwa kimoja cha chumvi, kilichosawazishwa kwa kisu. Si kilichojaa mlima. Hicho ni cha samaki aliyechoka, aliyesafirishwa, aliyekwaruzwa magamba. Akiwa na madoadoa meupe kama aliyemwagiwa unga wa muhogo, unapanda mpaka vijiko vitatu kwa jerikani, lakini unapanda kwa siku mbili au tatu, kijiko baada ya kijiko, na unaikoroga chumvi kwenye ndoo kwanza. Usimmwagie samaki chumvi kavu mgongoni. Wewe ukiwa na kidonda, ungependa? Chumvi ya dukani, ile tunayopikia, inatosha. Na kambare usimpe kipimo hicho, hana magamba ya kumkinga.

Mtu ataniambia, mbona ni rahisi. Ni rahisi. Ndiyo maana inaua.

Chujio nalo. Hapa ndipo ninapochoka kabisa na binadamu. Ndani ya tangi kuna pampu, na pampu inavuta maji yapite kwenye sponji. Sponji inashika uchafu, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba kwenye ule weusi unaoteleza kuna vijidudu visivyoonekana, na kazi yao ni kula sumu ya mkojo wa samaki. Samaki anakunywa na kukojoa fasi moja. Asipokuwa na hao vijidudu, anakufa kwa mkojo wake mwenyewe, na maji yataendelea kung'aa vizuri wewe ukishangaa.

Hilo nililijua kwa aibu. Pale Uvira nilikuwa msichana, na mkubwa wangu wa kazi alikuwa Muzee Lubunga, mtu mfupi mwenye kikohozi, aliyeweza kusimama mlangoni mwa banda akakwambia tangi gani lina mgonjwa kwa kusikia tu jinsi maji yanavyodondoka. Siku moja alikwenda kwenye mazishi, mji wa Baraka. Mimi nikasema, muzee akirudi atakuta banda linanukia. Nikatoa sponji zote, nikazifua kwa sabuni ya unga, nikazisuuza, nikazianika juani kama nepi. Mama yangu alinilea hivyo, kitu cheusi ni kitu cha kufua. Nikazirudisha zikiwa nyeupe. Siku ya nne samaki walikuwa wanalala ubavu kwenye matangi yote, na ndege ilikuwa inawasubiri Bujumbura.

Muzee Lubunga alichukua sponji moja, akaiminya, akainusa. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Weye binti, uliua batumishi bote," akasema. "Ile uchafu njo inafanya kazi. Weye unafanya nini hapa? Unakula mushahara tu."

Akanionyesha: chota maji ya tangi lenyewe kwenye beseni, minya sponji humo mara mbili tatu, yatoke matope, basi. Irudi ikiwa bado kahawia. Maji ya bomba hapana, yana dawa ya kuua vijidudu. Sabuni hapana, hata ukiwa na harusi ya mwanao kwenye hilo tangi.

Somo hilo liliniingia sana, tena zaidi ya kipimo. Tangu siku ile nikawa mtu wa kuogopa mkono wa mwingine kwenye chujio langu. Kumbukeni hilo, maana lina gharama yake na nitafika huko.

Vita ilipotutoa Uvira sikubeba kitu cha kazi. Tukafika Nakivale, tukapewa kiwanja, nikalima mahindi na maharage kama kila mtu, vibaya kuliko kila mtu. Nikawa nakwenda Mbarara kuuza ndizi, na siku moja nikaingia kliniki moja kumsindikiza jirani. Kwenye chumba cha kusubiria kulikuwa na tangi, samaki wote wako juu wanameza hewa, na wagonjwa wanawatazama. Nikauliza nani anaangalia hawa. Hakuna. Nikapandisha mikono ya gauni nikaomba beseni. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi Uganda, kwa kukasirika.

Kati ya matangi yangu ya Mbarara, lililonitesa zaidi lilikuwa la nyumba moja ya wageni kule Biharwe. Mwenyewe alikuwa Mzee Tumwine, mfugaji wa watu wa Ankole, mtu wa ng'ombe tangu tumboni. Samaki hakuwahi kumla maisha yake yote, kwao zamani mtu wa ng'ombe hakula samaki, na hata harufu yake sahanini ilimfukuza mezani. Lakini wale wa kwenye kioo aliwapenda sana. Kila mmoja alikuwa na jina la ng'ombe kulingana na rangi. Mkubwa kuliko wote, samaki wa dhahabu mwenye wekundu wa kahawia na mkia wa pazia, aliitwa Bihogo. Wageni wakifika, kabla hawajapewa ufunguo, wanasimamishwa mbele ya tangi wamsalimie Bihogo.

Mara ya kwanza alinipigia simu hivi: "Maama Samaki, kuja. Ngombe yangu ya maji iko gonjwa."

Nikaenda. Nikakuta katikati ya tangi, juu ya changarawe, kuna jiwe la chumvi, ile ya kijivu inayoletwa kutoka Katwe kwa ajili ya ng'ombe, kubwa kama ngumi mbili. Samaki wamejibana pembeni. Nikauliza nani kaweka.

"Mimi. Nasikia chumvi iko dawa ya samaki."

"Ssebo," nikasema, maana huku ndivyo anavyoitwa mwanaume wa kuheshimiwa, "hiyo ni ya ng'ombe."

"Mimi nalisha ngombe chumvi tangu niko mutoto. Hakuna ngombe nakufa na chumvi. Ngombe nalamba, nashiba, nakwenda."

"Ng'ombe anakwenda, ssebo. Samaki anakwenda wapi?"

Akalitazama tangi. Halafu akacheka mpaka akashika kiti, na tangu hapo akaniamini. Nililitoa jiwe kwa mikono yangu, nikabadilisha maji kidogo kidogo kwa siku tano, Bihogo akapona. Ningekuwa na akili ningelitazama vizuri lile jiwe kabla ya kulitupa. Watu wa Katwe wanalipataje? Wanazuia maji ya ziwa kwenye vidimbwi, jua linakunywa maji, chumvi inabaki. Kila mtoto wa Ankole anajua. Mimi fundi sikujua, au nilijua na sikufikiri, na sijui lipi ni baya zaidi.

Pale Biharwe kulikuwa na mwanamke aliyefanya usafi, Godeliva, Mrundi, mtu wa Nakivale kama sisi. Mjane. Kazi yake ilimpa mshahara mdogo na chumba kimoja nyuma ya nyumba, na chumba ndicho kilichokuwa na maana, kwa sababu binti yake alikuwa darasa la saba shule ya jirani, na mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia. Kutoka Nakivale asingeweza kwenda shule ile na kurudi. Bila kazi hakuna chumba, bila chumba hakuna mtihani. Godeliva aliniambia hivyo mara moja tu, akiwa anapiga deki, na hakuonekana kunihitaji nimjibu.

Alikuwa mkimya, mwenye kufuata neno. Ukimwambia futa kioo kwa kitambaa kikavu, atafuta kwa kikavu mpaka Yesu arudi. Mimi nilimpenda kwa hilo. Mtu asiyekusumbua na maswali ni mzuri sana kwa fundi mvivu wa kueleza.

Mwaka ule kiangazi kilipoanza, Bihogo akatoka madoa meupe, na wenzake wakafuata. Nikaanza chumvi. Tangi lilikuwa la jerikani kumi, nalijua kwa sababu mimi mwenyewe nililijaza nikihesabu. Vijiko vitatu kwa jerikani, kwa siku tatu, jumla thelathini. Nikaongeza hewa, maana maji yakipata joto hewa inapungua. Madoa yakaanza kuanguka. Nikamwambia Godeliva, mambo yanakwenda vizuri, nitarudi Jumatatu.

Jumatatu nilikuwa kitandani. Bodaboda ilinimwaga pale Rwekubo, mji mdogo wa karibu na hapa, mbele ya duka, kwa sababu kijana aliyeiendesha alikuwa anaongea na simu, na ndiyo maana nawaambia muweke simu mfukoni. Mguu ulivunjika. Nikafungwa plasta, nikakaa hapa Nakivale miezi miwili nikitazama paa.

Godeliva akanipigia. "Mama, maji ya tangi yamepungua. Nifanye nini?"

Tangi lile halikuwa na kifuniko. Mzee Tumwine alikuwa amelifungia kimaporomoko cha maji kwa ajili ya wageni, na juu yake feni inazunguka siku nzima. Kila baada ya siku nne jerikani zima lilikuwa linakwenda hewani.

"Ongeza jerikani moja," nikamwambia. "Na chumvi yake, vijiko vitatu. Kila mara fanya hivyo hivyo. Kitu kingine usiguse."

"Sawa, mama."

Baada ya wiki tatu akapiga tena. "Mama, sponji imekuwa nyeusi sana. Pampu inalia vibaya."

Mimi maumivu yananisumbua, plasta inawasha, na masikioni nikamsikia Muzee Lubunga. Nikaona sabuni ya unga. Nikaona sponji nyeupe kwenye kamba. "Usiguse chujio," nikasema. "Umenisikia? Ukiligusa utawaua."

"Mama, hata kidogo?"

"Godeliva, nani fundi?"

Akasema sawa. Nikakata simu.

Naona hapo mlipokaa mmeshajua. Nyuso zenu zinaniambia. Basi hongereni, mna akili kuliko mimi siku ile. Chumvi haipandi na mvuke. Sahau sufuria ya maji ya chumvi motoni uone, maji yatakwisha na chumvi itabaki imeganda pembeni. Maji yanapopungua yenyewe tangini, chumvi yote ipo, haijatoka hata chembe. Unaongeza maji matupu. Chumvi unaiongeza pale tu ulipochota maji ukayamwaga nje, na unaongeza ile iliyotoka na hayo maji, basi. Na chujio halitoi chumvi, msidanganyane. Makaa ya chujio yananyonya dawa za dukani, kwa hiyo ukitia dawa unatoa makaa, lakini chumvi inapita humo na kurudi. Miaka yangu yote mimi mwenyewe ndiye niliyebadilisha maji kila wiki, kwa hiyo kosa langu lilikuwa linasafishwa na ndoo yangu kabla halijaonekana. Nilipokosekana, likakua.

Siku niliyorudi Biharwe nilikuwa natembelea fimbo. Mzee Tumwine alikuwa amesimama mbele ya tangi na kofia mkononi. Samaki wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wengine walikuwa juu, midomo nje, wamevaa utando wa kamasi. Bihogo amelala ubavu chini, shavu moja tu linapanda na kushuka. Pampu ilikuwa inakoroma na maji hayatoki.

Nikachovya kidole nikaonja. Ndivyo nilivyofundishwa, fundi anaonja. Ilikuwa kama mchuzi ambao mpishi kautia chumvi mara mbili.

"Chumvi imezidi," nikasema.

Mzee akageuka. Godeliva alikuwa mlangoni na ndoo.

"Wewe naweka chumvi hapa?"

"Ndiyo, ssebo."

"Nani nasema weka mingi namna hii?"

Godeliva akanitazama. Kwetu, na kwao Warundi ni vilevile, mdogo hamtaji mkubwa kwa ubaya mbele ya mwenye mali. Unaweza kumlaumu baadaye, nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini, lakini mbele ya tajiri unamwachia nafasi ajitaje mwenyewe. Hiyo ndiyo nafasi aliyoniachia. Aliisubiri. Nakumbuka ndoo ilivyokuwa inadondosha matone sakafuni, na yeye anayeshindwa kuvumilia tone sakafuni hakuyafuta.

Mimi nikaangalia pampu.

Nikasema, "Mimi nilimwambia kwa kipimo."

Nilikuwa sijajua bado kwamba kosa ni langu lote. Nilishuku. Nilidhani labda alijaza vijiko mlima, labda alirudia mara mbili. Nilijiambia hivyo, kwa sababu mguu ulikuwa unauma na kliniki mbili zilikuwa zimeshatafuta mtu mwingine nilipokuwa kitandani, na tangi la Biharwe ndilo lililokuwa limebaki kubwa. Hofu ina maneno mazuri sana.

Mzee Tumwine hakupiga kelele. Alimwambia Godeliva tu, "Leo, leo, toka," akaenda nje akakaa kwenye kiti, akiwapa mgongo wageni. Mtu aliyepoteza ng'ombe.

Godeliva alifunga vitu vyake mchana ule. Binti yake alitolewa darasani na sare yake mwilini. Kabla ya kutoka, Godeliva alikuja kwangu pale kwenye tangi, akaweka mezani kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na maharage makavu.

"Mama, mimi siandiki," akasema. "Kila kijiko nilitia haragwe moja. Nimekuachia ili usikosee kuitoa chumvi."

Hakunilaumu, hakulia. Alikuwa anataka Bihogo apone. Wakaenda kupanda gari la Rwekubo, mama mbele na godoro, mtoto nyuma na vitabu.

Nikayamwaga maharage nikahesabu. Arobaini na matano. Jerikani kumi na tano, vijiko vitatu kila moja, siku nne nne kwa miezi miwili. Hakuzidisha hata kimoja. Nikaongeza thelathini vyangu vya mwanzo, nikapata sabini na vitano kwenye tangi la jerikani kumi. Halafu nikafungua chujio. Sponji ilikuwa jiwe la matope, haipitishi kitu, na hakuna mkono ulioigusa, kama nilivyoamuru. Aliniuliza hata kidogo, nikamwuliza nani fundi.

Haya, msinitazame hivyo. Nilifanya kazi. Mzee alitaka tumtoe Bihogo tumtupe kwenye maji safi mara moja, nikamkatalia, maana samaki aliyezoea chumvi ukimtupia maji matamu ghafla, mwili wake unavimba na moyo unasimama. Jerikani moja asubuhi, jerikani moja jioni, unachota ya tangini unamimina mapya yaliyolala siku nzima ili dawa ya bomba itoke. Sponji nikaiminya kwenye maji ya tangi. Siku ya pili Bihogo akasimama wima. Siku ya tano akala. Siku ya tisa akaja kwenye kioo alipomwona mzee, na mzee akanishika mikono yote miwili mbele ya wageni akasema Maama Samaki ni daktari. Mgeni mmoja akataka tupeane namba, alikuwa na hoteli mjini.

Nikaandika namba. Kopo la maharage lilikuwa bado mezani. Nikamwambia yule mgeni anisubiri, nikamvuta mzee pembeni nikamweleza yote, simu ya kwanza, simu ya pili, maharage. Nilitamani anitukane. Unajua alisema nini?

"Ile siku mimi nauliza. Wewe nanyamaza kwa nini?"

"Niliogopa, ssebo."

Akavaa kofia yake. "Ita yeye. Arudi. Mutoto asome."

Nilipanda gari siku ile ile nikaja hapa Nakivale. Nilifurahi, msidhani sikufurahi, nilikuwa kama mtu anayepeleka barua ya posa. Nilimkuta Godeliva kwenye shamba la mtu, anapalilia kwa kibarua, na binti yake pembeni anapalilia naye, na sketi ya shule. Siku tisa bila darasa. Nikamwambia nimesema kweli, mzee anakuita, chumba chako kipo, twende.

Akasimamisha jembe. Alinitazama mguu, akaniuliza kama plasta imetoka vizuri. Nikasema imetoka. Halafu akauliza, "Na wewe, mama, bado unafanya pale?"

"Ndiyo. Kila wiki."

"Basi sitarudi."

Nikadhani hajaelewa. Nikarudia, mzee amekubali, mimi nimekiri, kosa ni langu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea.

"Nilisikia," akasema. "Kukosea chumvi si kitu. Mimi nilikuangalia, ukaangalia pampu. Kila Jumatatu ukiingia na ndoo yako nitaona ile sura. Siwezi."

Binti yake alikuwa ameacha kupalilia. Alikuwa anamtazama mama yake, na mtihani ulikuwa wiki chache mbele.

Jamani, mimi nilikuwa na mikono mizima. Nilikuwa na namba ya hoteli mfukoni. Samaki ndiyo kazi pekee niliyowahi kuijua, kwenye kulima mnaniona wenyewe. Nilisimama pale kwenye mstari wa mahindi ya watu, nikaitazama ile sketi ya shule ilivyojaa udongo.

"Rudi," nikamwambia. "Mimi siendi tena. Tangi ni lako."

Aliniangalia kuona kama nitageuza uso. Sikugeuza. Akampa binti yake jembe alirudishe kwa mwenyewe.

Tulipokuwa tunatembea kwenda kwake kuchukua godoro, akasema, "Mama, maji yakipungua niongeze nini?"

"Maji tu."

"Bila chumvi?"

"Bila chumvi."

Akatembea hatua kadhaa. "Kwa nini?" akauliza.

Nikasimama katikati ya njia na fimbo yangu, nikamweleza.